Wasikilizaji Thelathini Chini ya Miaka Thelathini na Mitano

Kila Jumapili, saa nane na nusu mchana, Mukasine alikuwa wa kwanza kufika kwenye ghala la ushirika wa wauza viazi wa Mbugangari, akiwa na ufagio na ndoo ya maji. Siku sita za juma ghala lilipokea viazi kutoka Busasamana. Siku ya saba lilikuwa ukumbi. Alinyunyiza maji ili vumbi lisiruke, akafagia ule udongo mweusi ambao viazi hupenda kuja nao mjini, akasukuma magunia yaliyosalia hadi ukutani, kisha akapanga viti vya plastiki thelathini. Kiti chake mwenyewe alikiweka mbele, hatua mbili kutoka kwenye mkeka wa mumewe.

Mumewe, Ildephonse, alifika saa tisa kasoro dakika kumi akiwa na inanga yake begani. Inanga ni ubao mrefu uliochimbwa katikati kama sinia, una nyuzi nane, na anayeipiga huimba chinichini, kwa sauti ya mtu anayemweleza jirani habari ambazo wapita njia hawazihitaji. Ildephonse alikuwa na miaka sabini na minne. Alianza kupiga Goma, ng'ambo ya mpaka, walikokulia wote wawili, akaendelea hapa Gisenyi waliporudi kwao, na katika miaka arobaini na saba ya ndoa yao Mukasine ndiye aliyemwitikia. Mwimbaji anapofika mwisho wa ubeti huacha nafasi ndogo, na mwitikiaji huijaza. Nafasi zote alizowahi kuacha Ildephonse zilijazwa na sauti moja.

Kabla ya wimbo wa kwanza kati ya sita kulikuwa na salamu. Ildephonse aliwataja kwa majina wote waliowahi kuja kumsikiliza na ambao sasa walikuwa marehemu, akigusa uzi mmoja kwa kila jina. Walikuwa arobaini na mmoja. Salamu zilichukua dakika ishirini na tano, maana marehemu nao wanapenda habari: huyu aliambiwa binti yake amejifungua mapacha, yule aliambiwa shamba lake sasa linalimwa na mkwe mvivu. Jina la mwisho, siku zote, lilikuwa la Shema. Shema alikuwa mtoto wao wa kwanza. Alizoea kukaa chini ya kiti cha mama yake na kusinzia katikati ya wimbo, hadi malaria ilipomchukua akiwa na miaka kumi na mmoja. Yeye hakupewa habari yoyote. Alitajwa tu, na mama yake akaitikia, na mtaani bado waliitwa Papa Shema na Mama Shema.

Wasikilizaji waliokuwa hai walikuwa thelathini, na mdogo wao alikuwa na miaka sitini na sita. Mkubwa wao kwa mapenzi, kama si kwa umri, alikuwa Théoneste, dereva mstaafu wa malori, aliyekuja na fimbo na kukaa kiti cha karibu na mlango. Wimbo wa ng'ombe aliyevuka mto Sebeya kumfuata ndama wake ulipofika ubeti wa tatu, Théoneste alilia. Alilia hivyo kwa miaka kumi na minane, kila Jumapili, na Ildephonse alipiga ubeti ule wa tatu kwa ajili yake.

Mwezi wa pili, katibu mpya wa ushirika alimwita Ildephonse ofisini. Aliitwa Igihozo, alikuwa na miaka ishirini na tisa, na kwa kuwa wazazi wake walirudi kutoka Tanzania, Kiswahili chake kilikuwa kimepigwa pasi.

"Mzee, mimi nakuheshimu sana," alisema, na Ildephonse akajua kwamba kuna jambo baya linakuja. "Lakini tumepata mfadhili wa kutengeneza ghala. Mfadhili anataka vijana. Mwisho wa mwezi wa nne natakiwa kumpelekea orodha ya wasikilizaji thelathini walio chini ya miaka thelathini na mitano. Nisipoipata, Jumapili saa tisa wataichukua wale wa televisheni ya mpira. Wao vijana wanao."

"Vijana hawakuje," alisema Ildephonse. "Niliwaita, hawakuje."

"Hawaji kwa sababu wanakaa nusu saa wakisikiliza majina ya watu waliokufa. Anza moja kwa moja na wimbo. Hao marehemu wanaweza kusubiri, mzee. Vijana hawasubiri."

Ildephonse alisema ataangalia. Jioni alimweleza mkewe, aliyekuwa uani akichambua maharage.

"Na Shema?" aliuliza Mukasine.

"Ni ya muda kidogo tu, Mama Shema. Vijana wakishaingia, wakishazoea, tutamurudisha. Tutawarudisha wote."

Mukasine alitoa jiwe kwenye maharage, akalitupa. "Hao njo wanatushikaka," alisema, kwa Kiswahili cha Goma, ambacho ndio yake ni njo. "Ukiwaachilia, sijue tutaenda wapi." Lakini Jumapili ilipofika alifagia na kupanga viti kama kawaida, na Ildephonse akakaa kwenye mkeka, akameza majina arobaini na moja, akaanza moja kwa moja na wimbo.

Hakuna kijana aliyeingia. Wawili walichungulia mlangoni, wakaona viti, wakaondoka. Mkutano ulipokwisha, Théoneste aliinuka, akatoka nje, akapanda mteremko hadi barabarani, na fimbo yake ikabaki imeegemea kiti. Mukasine alimpelekea kesho yake. Théoneste aliipokea kwa adabu, akaitumia kufukuza mbuzi.

Jumapili ya pili watu sita hawakuhitaji miwani. Jumapili ya tatu, mjane mmoja aitwaye Nyiraneza, ambaye hakuwa na jino hata moja tangu mwaka wa mafuriko, alilalamika kwamba ufizi unamwasha. Mukasine alimpa karoti mbichi ya kutafuna, kama anavyopewa mtoto mchanga, na katikati ya juma meno yakatoka yote, meupe, yakiwa na mwanya mbele ambao waliomjua zamani waliukumbuka. Migongo ilinyooka. Nywele zilianza kuwa nyeusi kutokea kisogoni kuja mbele. Kwenye zahanati, muuguzi alipima msukumo wa damu wa wazee kumi na wawili wa Mbugangari, akakuta hakuna cha kutibu, akawaomba warudishe kadi zao ili wapewe wagonjwa wengine. Wakazirudisha.

Wahenga walisema ujana ni moshi, ukienda haurudi. Wahenga walikuwa watu wenye akili sana, ila hawakuwahi kukaa kwenye ghala la viazi Jumapili saa tisa. Hapo ulirudi, miaka sita au saba kwa kila mkutano, na majirani walichosema ni kwamba huu mwaka hewa ya ziwa imekuwa nzuri. Wajukuu waligundua kwamba babu zao sasa wanavaa viatu vyao, na ugomvi uliotokea ulikuwa wa viatu tu.

Ildephonse peke yake hakubadilika. Anayepiga hasikilizi, anahesabu nyuzi, anawaza ubeti unaofuata, na anaangalia nani anapiga miayo. Alibaki na miaka yake sabini na minne na goti lake la kushoto. Hakulalamika. Aliwaona wasikilizaji wake wakijaa damu usoni na alifurahi, tena kwa majivuno kidogo, kama mpishi anayeona wageni wananenepa.

Mukasine alirudi nyuma polepole kuliko wengine. Nusu ya kila wimbo aliimba, na aliyeimba hakusikiliza, kwa hiyo alipunguziwa nusu. Wenzake walipofika miaka thelathini, yeye alikuwa bado na hamsini na tatu. Alianza kufunga kitambaa chake juu zaidi, mbali na paji la uso, na asubuhi alitembea haraka hadi mpakani na beseni lake la nyanya bila kupumzika pale alipozoea kupumzika. Afisa wa mpakani aliangalia picha kwenye kitambulisho, akaangalia uso, akauliza kama nyanya ni za jana au za leo.

Katikati ya mwezi wa nne Igihozo alikuja na karatasi yake. Aliwaangalia wasikilizaji: vijana thelathini, wamekaa wima, macho makavu, wananukia sabuni. Akawaandikisha mmoja mmoja. Tatizo dogo lilitokea kwenye vitambulisho, kwa kuwa kila kimoja kilisema mwenye nacho alizaliwa kabla ya uhuru. Igihozo alifikiri kidogo, akasoma tena kichwa cha safu.

"Hapa wameandika umri," alisema. "Hawakuandika mwaka wa kuzaliwa. Kila mtu aniambie umri alionao leo."

Théoneste alisema ana ishirini na sita. Nyiraneza alisema ishirini na nne, na hakuna aliyebisha. Orodha ilijaa. Igihozo alimpa Ildephonse mkono, akasema kwamba miaka mingi watu wamezungumza juu ya kuwavuta vijana kwenye muziki wa asili na yeye, mzee, amewavuta kwa wiki tisa tu.

Jumapili iliyofuata walikuja watu kumi na mmoja. Waliokuja walikaa kwenye ukingo wa viti, wakitazama simu. Wimbo wa ng'ombe ulipofika ubeti wa tatu, Ildephonse aliinua macho kuelekea mlangoni kwa mazoea, na kiti kilikuwa kitupu. Jumapili ya pili yake walikuwa wanne, na wawili kati yao walikuwa wamekimbia mvua.

Ildephonse hakuwa mtu wa kufuata watu. Lakini Théoneste alikuwa rafiki yake, alimbeba mara mbili kwenye lori lake wakati wa kuhama, na ndiye aliyelia kwenye ubeti wa tatu kwa miaka kumi na minane. Jumamosi alichukua fimbo, maana sasa mwenye kuhitaji fimbo alikuwa yeye, akashuka hadi ufukweni mwa ziwa. Vipaza sauti vilikuwa vinapiga muziki ambao mapigo yake aliyasikia kwenye goti kabla hayajafika sikioni. Théoneste alikuwa anacheza mpira wa wavu bila shati, na alipomwona Ildephonse alikuja mbio, akamshika mkono kwa mikono miwili na kuinama, kama kijana aliyelelewa vizuri.

"Hukuje," alisema Ildephonse.

"Sikukuje, ni kweli."

"Ule wimbo wako niliupiga. Ubeti wa tatu."

Théoneste alijipangusa mchanga kifuani. Alikuwa mtu mkweli hata alipokuwa mzee, na ujana ulikuwa umemwongezea ukweli.

"Ildephonse, mi sitakudanganya. Tulikuwa tunakaa pale sababu magoti ilikuwa inakatala kusimama. Mutu wa miaka makumi saba na sita, Jumapili, ataenda wapi? Kwako kulikuwa na kiti. Kulikuwa na kivuli."

"Ulikuwa unalia."

"Macho ya uzee inatokaka maji. Docteur alinielezeaka, ilikuwa ni ugonjwa." Alisema hivyo kwa upole, akimshika bega. "Sasa nimepona. Bon, wananingojea."

Akarudi kwenye mpira. Ildephonse alibaki na hasira ambayo hakujua aiweke wapi. Kama Théoneste angemwambia kwamba muziki umekuwa mbaya, angeelewa. Kuambiwa kwamba haukuwa umesikilizwa kamwe, kwamba miaka kumi na minane alikuwa akiyapigia magoti, hilo lilimuuma kuliko kifo cha mtu. Kikulacho ki nguoni mwako, alijisemea, na alipopanda mteremko wa Mbugangari hakuitikia salamu ya mtu yeyote.

Jumapili hiyo alirudisha majina. Walikuwepo wasikilizaji wanne, na Mukasine mbele. Alikaa kwenye mkeka, akagusa uzi wa kwanza, akamtaja marehemu wa kwanza na kumweleza habari zake. Alipofika jina la saba, kijana aliyekaa katikati alipitisha mkono kichwani, akaangalia kiganja, akaona unywele mweupe. Aliinuka, akaondoka. Wenzake watatu walimfuata kabla ya jina la tisa, mmoja akichechemea kidogo. Mukasine naye alitoka, akasema anakwenda kuchota maji, na maji hayo yalimchukua hadi jioni.

Jumatatu Igihozo alimwita tena ofisini.

"Mzee, nimepata malalamiko. Wanasema unawazeesha wasikilizaji."

"Nilisalimia tu wafu wangu."

"Orodha imekwenda, mzee. Mfadhili anakuja mwisho wa mwezi huu kupiga picha. Akikuta wazee, mimi nitasema nini? Nakuomba, usiwazeeshe watu."

Ildephonse aliahidi. Alikuwa amebakiwa na msikilizaji mmoja, na huyo, mkewe, alikuwa na miaka arobaini na tisa.

Mukasine alizungumza siku ya Alhamisi, baada ya chakula cha mchana. Alikuwa ameosha sahani na kuzipanga juani, na alikuja na kiti chake, akakiweka mbele ya mumewe pale uani, hatua mbili.

"Papa Shema, unipigie."

"Leo si Jumapili."

"Nipigie mi peke yangu. Nyimbo yote sita. Na leo sitaitikia. Nataka kusikiliza tu."

Ildephonse alielewa. Hakuwa mtu mjinga. Alihesabu haraka, kama alivyozoea kuhesabu nyuzi. Nyimbo sita bila kuitikia, halafu tena kesho, na keshokutwa. Alimwangalia mkewe. Shingo yake ilikuwa imerudi, ile shingo ya Goma, na alikuwa ameikunja mikono mapajani kama mtu aliye kwenye foleni.

"Tulikuwa pamoja miaka arobaini na saba," alisema.

"Tulikuwa. Ujana ya kwanza ulikula wewe, Papa Shema. Sisemi uliiba. Tulikula wawili, lakini wewe njo ulishika kijiko. Asubuhi nilikuwa navuka na nyanya, mchana nafagia, Jumapili nakuitikia. Hata siku moja hukuniuliza kama niko na wimbo yangu. Hii ya pili nataka nikule mwenyewe."

"Uko nayo? Wimbo?"

"Sijue. Sikupata muda wa kuitafuta." Alirekebisha kitambaa chake kichwani. "Na usiweke majina."

"Hata Shema?"

Mukasine aliangalia sahani zake. Alikuwa na sura ya kulia, na Ildephonse aliiona, na ndiyo sababu baadaye hakuweza kujidanganya kwamba mkewe hakujua anachosema.

"Hata Shema," alisema. "Ukimutaja nitabaki. Unajua."

"Najua."

Alileta inanga. Alipiga Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi, kuanzia saa nane hadi kumi na moja. Kila mwisho wa ubeti aliacha nafasi, maana mkono haukujua njia nyingine, na katika kila nafasi alisikia kuku, pikipiki za barabarani, redio ya jirani. Mukasine alikaa na mdomo umefungwa. Mara mbili midomo yake ilianza kwenda yenyewe, akaibana kwa vidole.

Jina la Shema lilikuwa mdomoni mwa Ildephonse siku zote tatu. Herufi tano tu zingetosha. Hakulitaja. Watu wa mtaani, walipoijua habari hii, walimsifu kwa wema wake, na sifa hiyo haikuwa yake. Ukweli ni kwamba alitaka kuona kama mwanamke huyu angebaki bila kushikwa na mtu. Alitaka, mara moja katika maisha yake, msikilizaji aliye na magoti mazima na ambaye bado amekaa.

Jumamosi saa kumi na moja Mukasine alikuwa na ishirini na mbili. Aliinuka, akarudisha kiti ndani, akamshukuru. Alikunja nguo zake, zikawa chache kwa kuwa nyingine zilikuwa za kizee, akazifunga kwenye kitenge. Nyiraneza alikuwa amepanga chumba karibu na soko, na kulikuwa na nafasi ya godoro la pili. Alimwachia mumewe maharage kwenye sufuria, yametiwa chumvi, ya kutosha siku mbili.

"Sufuria ya kijani njo inavuja," alimwambia mlangoni. "Usiitumie."

Kwa Ildephonse hasira ilikuja siku ya tatu, maharage yalipokwisha. Alikaa uani akamlaani Théoneste, akamlaani Igihozo na mfadhili wake, akafika kwenye zamu ya Mukasine, akakuta maneno ya mkewe yamemtangulia na kukaa. Kwamba yalikuwa ya kweli hakukumpunguzia kitu. Mtu anaweza kuachwa kwa haki na bado akawa ameachwa. Alijaribu kuwarudia marehemu wake, akawasalimia mmoja mmoja pale uani, wote arobaini na mmoja, na hakuhisi kwamba kuna aliyekuwa anasikiliza. Yeye ndiye aliyewaambia wasubiri.

Mfadhili alifika Jumapili ya mwisho ya mwezi wa tano, akiwa na mwandishi wa habari na mpiga picha. Ghala lilikuwa limepakwa rangi ya machungwa, na ukutani pameandikwa maneno juu ya vijana na urithi. Igihozo alikuwa amepiga simu tangu Alhamisi. Aliahidi soda, na wote thelathini walikuja, na Mukasine, aliyekuwa nje ya orodha, alikuja pamoja na Nyiraneza. Nywele zake zilikuwa zimesukwa. Alivaa suruali ya jinzi.

Igihozo alitoa hotuba fupi. Alisema mcheza kwao hutunzwa, akampa Ildephonse cheti chenye fremu, kilichosema kwamba ametambuliwa kwa kufanikiwa kuwavuta vijana. Watu walipiga makofi. Théoneste alipiga makofi kwa nguvu kuliko wote, na hakuwa anadhihaki. Alikuwa amefurahi kweli, kama mtu anavyofurahi mzee wa mtaani akipata kitu.

Mpiga picha alimweka Ildephonse katikati, kwenye mkeka, na inanga magotini. Vijana wakasimama nyuma yake kwa safu mbili. Mpiga picha akasema picha inaonekana baridi, akamwonyesha Mukasine kwa kidole.

"We binti, kaa chini, karibu na muzee. Karibu kabisa. Kama mujukuu yake."

Mukasine alikaa. Bega lake liligusa bega la Ildephonse, na Ildephonse akasikia harufu ya mafuta ya nywele ambayo hakuyajua. Picha zikapigwa kumi na nne.

Mwandishi wa habari alihitaji kijana mmoja wa kuhojiwa, na kwa kuwa Mukasine alikuwa karibu, akampelekea kipaza sauti hapo hapo mkekani.

"Unaitwa nani?"

"Mukasine."

"Una miaka ngapi?"

"Makumi mbili na mbili."

"Huyu muzee unamujua?"

Ildephonse alikuwa anakaza uzi wa tano, ambao haukuwa umelegea.

"Ndiyo, namujua," alisema Mukasine. "Ni muzee wa inanga. Anapigaka hapa siku ya Jumapili."

"Na wewe kama kijana, unapenda nini katika muziki yake?"

Mukasine alifikiri. Alionekana kutafuta jibu kwa bidii, na kwa kitambo kidogo lilionekana kama lingekuwa jibu fulani. Kisha akapata lile ambalo vijana wote hulipata.

"Ni muziki ya wazee wetu," alisema. "Inafaa tusiisahau."

Mwandishi alilipenda. Alimwomba alirudie akitazama kamera, na Mukasine akalirudia, na mara ya pili akalisema vizuri zaidi, akitabasamu.

Pikipiki zilikuwa zinangoja nje, maana ufukweni kulikuwa na tamasha saa kumi. Vijana walimaliza soda, wakaweka chupa kwenye kreti, wakatoka. Mukasine aliinuka wa mwisho. Alikung'uta suruali yake, akainama kidogo, akampa Ildephonse mkono wa kulia huku ameushika kwa wa kushoto.

"Bon, muzee," alisema. "Ubakie salama."

"Aksanti," alisema Ildephonse.

Mfadhili aliondoka akiwa ameridhika. Igihozo alimletea Ildephonse karatasi yenye mhuri: Jumapili saa tisa ilikuwa yake kwa miaka mitano, na hakuna mtu wa televisheni wala wa mpira atakayeigusa. Akampa ufunguo, akamwomba akimaliza afunge milango yote miwili, kwa sababu viazi vya Jumatatu huingia mapema. Ildephonse alipiga nyimbo zote sita, akafunga milango yote miwili.